Ngarama na Nakivale, Majirani wa Migomba na Ziwa
Wilayani Isingiro nchini Uganda, kusini-mashariki mwa Mbarara, Ngarama na Nakivale ni chanda na pete. Huku ni vilima vya migomba na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Matoke ya Isingiro hayahitaji kunadiwa.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalianza mwaka 1958 kwa kuwapokea Wanyarwanda. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi na Wasomali, na Kiswahili kikapata makao sokoni.

Kisha kuna Ziwa Nakivale lenyewe, na mafunjo yake yaliyojaa ndege. Tangu 2006, ardhi oevu ya Mburo-Nakivale imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Hongera kwa wenyeji waliowapokea wageni, ingawa ugomvi wa mashamba haukukosekana. Ukifika Mbarara, usirudi bila kuliona ziwa hilo.