Mkato wa Mshazari

Ukiutazama ubao wa nyuzi za kaboni kwa macho matupu, utaapa kwamba nyuzi zote zimenyooka sambamba. Hadubini inakataa. Ndani ya gundi iliyoganda, kila uzi, wenye unene wa mikromita 7 hivi, umekengeuka kidogo, digrii moja huku, mbili kule. Udogo huo si wa kupuuzwa: ubao ukigandamizwa, huanza kukunjika papo hapo penye mkengeuko. Kwa hesabu aliyoitoa mtafiti A. S. Argon mwaka 1972, pembe hiyo ikiongezeka maradufu, uwezo wa kuhimili mgandamizo hupungua nusu.

Sasa digrii moja utaipimaje? Ukiukata ubao kukingama nyuzi, uzi ulionyooka huacha duara, uliokengeuka huacha duaradufu, na upana wake ukigawanywa kwa urefu hutoa kosaini ya pembe. Hesabu ni safi, ila haisaidii: kwa digrii moja duaradufu hurefuka sehemu moja tu ya elfu ya mikromita, na wimbi lenyewe la mwanga lina urefu wa karibu nusu mikromita.

Mwaka 1987 mtafiti S. W. Yurgartis aliandika juu ya hila ambayo mpaka leo naistaajabia kwa wepesi wake. Aliulaza mkato. Alizikata nyuzi kwa mshazari wa digrii kama 5 tu, mfano wa mtu achongaye muwa kwa ncha ndefu. Uzi wa mikromita 7 sasa huacha alama yenye urefu wa mikromita 80. Ukikengeuka digrii moja, alama hufupika hadi 67 au hurefuka hadi 100. Hilo hata mwanafunzi atalipima. (Na kama mkato wenyewe haukutimia digrii 5 kamili, wastani wa nyuzi zote utasema.)

Sifa huenda kwa hadubini, lakini kazi ni ya msasa. Unasugua kwa maji, kila msasa ukifuta mikwaruzo ya uliotangulia, hadi unga wa almasi wenye chembe za mikromita 1. Ukiharakisha, gundi laini huliwa kabla ya kaboni, ncha nyembamba za duaradufu humeguka, na ncha hizo ndizo kipimo chenyewe.

Siku hizi eksirei huona nyuzi bila kukata, lakini ili izitenganishe moja moja hudai kipande cha milimita chache. Fundi wa msasa hung'arisha sentimita nzima na kuhesabu nyuzi kwa maelfu.