Sinema ya Upishi na Sufuria ya Kijana

Upishi ni sanaa inayohitaji milango yote mitano ya fahamu. Macho huona rangi ya kitunguu kinapoiva, pua hupokea harufu, masikio husikia mchemko, mikono hupima ulaini wa unga, na mwisho ulimi hutoa hukumu. Sinema ya upishi, hii tunayoitazama katika simu zetu, hutupa mawili tu katika hayo matano: kuona na kusikia. Harufu, joto na ladha hubaki upande wa pili wa kioo. Kwa sababu hiyo yafaa tuihoji sanaa hii kama tunavyohoji hadithi au tamthilia: hayo mawili iliyo nayo inayatumiaje, na humfaa nani?

Swali hili si la mchezo. Walimu, waganga na wazazi wengi wanatumaini kwamba sinema fupi za upishi zitawavuta vijana kwenye chakula bora. Kijana anapotoka nyumbani kwenda chuoni au kazini hupanga chumba kimoja, akanunua jiko dogo la gesi na sufuria mbili, na nje ya lango kibanda cha chipsi kinamngoja. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu lililopanda, na kwamba zaidi ya watu tisa katika kumi hawakula mboga na matunda kwa kadiri inayopasa. Shirika la Afya Duniani hushauri gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Maradhi ya uzeeni hupandwa ujanani, na mahali pa kuyapanda ni chumba kile kimoja.

Hapana shaka picha ina nguvu. Mwaka 2020 wataalamu wa Uholanzi walitoa habari za jaribio walilolifanya kwa watoto 125 wa umri wa miaka 10 hadi 12. Baadhi yao walionyeshwa kwa dakika 10 kipindi cha mapishi ya chakula bora, na wengine mapishi ya chakula kisichofaa afya. Kisha kila mtoto aliruhusiwa kujichagulia kitu cha kutafuna. Wale walioona chakula bora walielekea zaidi kuchagua tofaa au tango, wakaacha chipsi na biskuti za chumvi. Habari hii ni njema, lakini tuitazame vizuri. Tofaa na tango havihitaji mpishi. Picha iliamsha tamaa nzuri, haikuujaribu mkono.

Mkono una habari nyingine. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Michael Kardas na Ed O'Brien, walichapisha majaribio ya namna hiyo. Waliwaonyesha watu sinema ya mtu anayevuta kitambaa mezani bila kuangusha vyombo. Walioitazama mara 20 waliamini kuwa wangeweza kukivuta wenyewe kuliko walioitazama mara moja. Katika jaribio jingine la kurusha vishale, kutazama mara nyingi kulizidisha majivuno, lakini shabaha haikuongezeka. Wazee wetu walikwisha kusema kuwa elimu bila amali ni kama nta bila asali. Kijana aliyetazama mapishi mia anaweza kuwa na nta nyingi sana.

Sasa tuitazame sinema yenyewe. Mtindo mmoja ulioenea sana ni ule uliotangazwa na Tasty, ulioanzishwa Marekani mwaka 2015. Kamera hukaa juu ya meza, mikono miwili huingia bila uso, na katika muda wa dakika moja hivi chakula kimekwisha. Tusiunyime mtindo huu haki yake. Hauhitaji lugha, hata asiyesikia huufuata. Ni mwepesi, na hauchoshi. Mara nyingi kipimo huandikwa juu ya picha. Hata hivyo, vitunguu huja vimekatwa, maji huchemka kwa kufumba na kufumbua, wala chakula hakiungui kamwe. Mtazamaji huonyeshwa mwanzo na mwisho, akanyimwa katikati. Na upishi wote umo katikati.

Kuficha katikati kuna madhara yake. Chukua maharage mekundu, ambayo ni chakula bora na cha bei nafuu kwa kijana. Yataka kulowekwa usiku kucha, maji yale yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu katika maji mapya kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kuachwa yaive polepole; maana maharage mabichi yana sumu iletayo kutapika na kuharisha, nayo huharibiwa na mchemko huo. Sinema inayoyatia maharage sufuriani na kuyatoa yameiva papo hapo haimdanganyi mtazamaji kwa maneno, lakini humdanganya kwa kunyamaza. Naye atakaporudi jioni na njaa, akayakuta magumu baada ya nusu saa, atazima jiko na kwenda kibandani. Hatailaumu sinema, atajilaumu mwenyewe, akasema kupika si kazi yake.

Jambo la pili ni kipimo. Sinema nyingi zilizouiga mtindo huo hazina hata maandishi. Mafuta humiminwa moja kwa moja kutoka chupani, chumvi hurushwa kwa vidole kwa madaha, na juu yake hutiwa kiungo cha mchuzi cha dukani ambacho sehemu yake kubwa ni chumvi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori zipatazo 120. Vinne vina 480, na jicho haliwezi kuvihesabu vinapomiminika kama mkondo. Chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima, kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani, isifike gramu 5, yaani pungufu ya kijiko kidogo cha chai. Sinema inaweza kuitwa ya chakula bora kwa ajili ya mboga zake za kijani, na huku ikifundisha mkono usiopima.

Tulinganishe na kazi ya zamani. Mwaka 1963 Julia Child alianza kupika katika televisheni ya Boston. Siku moja alirusha chapati ya viazi ili aigeuze, ikamponyoka na kuanguka vipande juu ya jiko. Aliviokota, akavirudisha kikaangoni, akaeleza kwa nini jambo lile lilitukia. Siagi yake nyingi hatuisifu. Tunasifu uaminifu wake. Mtazamaji aliona kuwa chakula huweza kuharibika na mpishi akaendelea kuwa mpishi. Kwa kijana anayejifunza peke yake, somo hilo lina thamani kuliko sahani kumi zisizo na dosari.

Mtu atasema: kijana hana subira, na kifurushi cha intaneti kina gharama, sinema ndefu haitatazamwa. Neno hili ni la haki, lakini kosa si ufupi. Dakika moja yatosha kuonyesha kijiko kikipima mafuta, kuandika "yaloweke usiku kucha", na kutaja bei ya vyote vilivyotiwa. Sinema ina ruhusa ya kuufupisha muda. Haina ruhusa ya kuuficha.

Nchi yetu ina hazina ya kufundishia. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili, kazi ambayo ndani yake iliorodheshwa mimea ya asili ipatayo 850 pamoja na majina yake ya kienyeji. Mnavu, mgagani, mrenda na kunde zinauzwa sokoni, lakini wengi wa vijana hawazijui isipokuwa sahanini kwa bibi. Mnavu una uchungu. Nyumba nyingi huuchemsha, kisha huutia maziwa na kuuacha ulale ili uchungu upungue. Kungoja huko ndiko siri ya chakula chenyewe, nako ndiko sinema ya haraka ingekukata kwanza.

Basi, mwanafunzi, utakapotazama sinema ya upishi, iulize maswali matatu. Imeniambia kipimo? Imeniambia muda? Imenionyesha mahali ninapoweza kukosea? Ikijibu yote, iweke simu kando ya jiko, uwashe moto. Isipojibu, itazame kama unavyotazama ngoma, kwa kujifurahisha, wala usiihesabu kuwa mwalimu. Na wewe uliye na simu yenye kamera, mwombe bibi au mama akupikie mnavu polepole. Uipige picha kazi yake yote pamoja na kule kungoja, kisha uwape wenzako.