Kebo Nyepesi, Ripita Kiziwi

Katika ujenzi wa ripita za redio za upepo, yaani mitambo ya mlimani inayopokea sauti kwa masafa mamoja na kuirusha papo hapo kwa mengine, hakuna uamuzi uliokosewa waziwazi kama ule wa kuteremsha kutoka mnarani kebo ya bomba la shaba na kupandisha mahali pake LMR-400, kebo ya koaksia ambayo ganda lake ni karatasi ya alumini iliyofunikwa na msuko wa nyuzi za shaba zilizopakwa bati. Kazi nyingine za mlimani, kuanzia kinga ya radi hadi betri, kwa kawaida hufanywa vizuri. Wanaoichagua kebo hiyo nao huwa wamesoma jedwali, na jedwali halikuwadanganya. Lilijibu tu swali ambalo ripita haiulizi.

Jedwali la upotevu, yaani kiasi cha nguvu kinachogeuka joto ndani ya kebo, linaonyesha kwamba kwenye megahezi 150 LMR-400 hupoteza takriban desibeli 5 kwa kila mita 100, ilhali Heliax ya nusu inchi, LDF4-50A, ambayo ndiyo aina ya ile kebo ya bomba la shaba, hupoteza kama desibeli 2.7. Kwa mnara wa mita 30 tofauti haifiki desibeli moja: kati ya wati 50 zinazoingia chini, zaidi kidogo ya 40 hufika juu kwa Heliax na kama 35 kwa LMR-400, na hakuna askari wa wanyamapori wala dereva wa gari la wagonjwa ambaye sikio lake litatambua pengo hilo. RG-58, kebo nyingine ya koaksia, ambayo kwa urefu huohuo humeza takriban robo tatu ya nguvu yote, haistahili hata kujadiliwa. Basi anayelinganisha bei na uzito huona ameokoa fedha bila hasara, na kwa redio inayorusha na kupokea kwa zamu angekuwa amechagua sawasawa.

Ripita haina zamu. Hurusha na kupokea kwa wakati mmoja, mara nyingi kwa antena moja na kebo moja, na katika bendi ya mita 2 ya redio za ridhaa masafa yake mawili hutenganishwa na kilohezi 600 tu. Kipokezi hutakiwa kusikia ishara ya maikrovolti 0.25 huku kando yake zikirushwa wati 50, na tofauti ya nguvu hizo mbili ni takriban desibeli 166, yaani moja ni kubwa kuliko nyingine mara milioni milioni elfu arobaini. Kuzitenganisha ni kazi ya dupleksa, seti ya makopo ya metali ambayo kila moja hupitisha masafa yaliyowekewa na kuzuia yale ya upande wa pili.

Hapo ndipo kosa linapokaa. Alumini huota upesi utando wa oksidi usiopitisha umeme, na nyuzi za msuko huigusa mahali pasipohesabika ambapo hapakuchomelewa wala kubanwa kwa nguvu. Upepo unapoyumbisha kebo, au jua linapoitanua, migusano hiyo huachana na kurudiana huku mkondo wa wati 50 ukipita, nayo hufanya kazi kama daiodi duni zinazozalisha kelele iliyotapakaa hadi kwenye masafa ya kupokelea. Dupleksa haiwezi kusaidia kitu, kwa sababu kelele hiyo imezaliwa upande wa antena na inashuka ikiwa na masafa yaleyale ambayo makopo ya kipokezi yamewekwa kuyapitisha. Kuizuia ni kumzuia pia mpigaji. Mtumiaji wa mbali huifungua ripita, na mara wati 50 zinapowaka sauti yake hukatika, hurudi, hukatika tena. Fundi naye humlaumu mpigaji, kisha kipokezi, kisha dupleksa isiyo na kosa, ilhali kikulacho ki nguoni mwako. Kebo mpya inaweza kunyamaza kwa miezi kadhaa, jambo linalompa aliyeichagua muda wa kusifiwa, lakini unyevu ukipenya, hasa pwani kwenye hewa ya chumvi, haichukui muda kusema.

Wazee wa fani hii walikuwa na akili nyingine. Lloyd Espenschied na Herman Affel, waliopewa hataza ya Marekani mwaka 1931 kwa njia ya koaksia ya kubebea simu nyingi kwa pamoja, waliwaza mrija wa metali wenye waya katikati, na Heliax ya kampuni ya Andrew imerithi wazo hilo: ganda lake ni bomba moja la shaba lililotiwa mikunjo ili lipindike, wala hamna metali mbili za kusuguana. Paul Neill wa Bell Labs aliacha kiunganishi cha aina ya N, kinachozuia maji na kutunza omu 50, na bado wapo wanaofunga mnarani viunganishi vya PL-259 na kuongeza adapta zilizopakwa nikeli, metali ya sumaku ambayo nayo huzaa kelele za aina hiihii.

Watetezi wa kebo nyepesi hukimbilia mita ya SWR, kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, ibada ambayo imepoteza vituo vingi. Mita hiyo haisikii kelele, tena kebo mbovu huipamba: antena yenye SWR ya 3 ikipimwa kupitia kebo inayopoteza desibeli 3 husomeka takriban 1.7, na mafundi wakashuka mlimani wakipongezana.

Kipimo kinachofaa ni kingine. Ishara dhaifu, isiyobadilika, huingizwa kwenye kipokezi kupitia kiunganishaji hafifu, kisha husikilizwa mtambo wa kurusha ukiwa umezimwa na ukiwa umewashwa: kwanza mzigo bandia wa omu 50, kifaa kinachokula nguvu bila kuirusha, ukiwa umefungwa kwenye mlango wa antena wa dupleksa, kisha ukiwa umepandishwa juu na kufungwa kwenye ncha ya kebo huku mtu akiitikisa kebo. Ishara ikibaki safi mara ya kwanza na kuharibika mara ya pili, antena haina hatia, na LMR-400 iteremshwe siku hiyohiyo.