Injini ya Land Rover ya Zamani Hupimwa Ikiwa Baridi

Ukienda Kwashemshi, kwenye mashamba ya mkonge, kutazama Land Rover Series III, mwombe mwenye gari asiliwashe mpaka ufike. Gusa bloku kwa kiganja. Ukikuta joto, rudi kesho. Injini iliyochoka huficha mengi ikishapata moto.

Kabla ya kuwasha, fungua rejeta. Maji yenye kutu yanaonyesha uzembe. Utando wa mafuta juu yake ni hatari. Kisha chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi isikutishe, kwani kazi yake ni kubeba uchafu. Ya kuogopa ni iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa: maji yamepenya, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekufa.

Sasa washa, usikilize. Mlio mwepesi wa juu ni wa tapeti, nazo husetiwa kwa inchi 0.010, si kazi kubwa. Ukisikia kugonga kuzito kutoka chini kila ukikanyaga mafuta, hizo ni beringi za krenki: bei ishuke sana au uondoke. Injini za lita 2.25 za kabla ya 1980 zina beringi kuu tatu. Za baadaye zina tano, na ni imara zaidi.

Moshi wa bluu ukitoka unapokanyaga tena baada ya mteremko, shuku valvu. Ukitoka muda wote gari likivuta mzigo, shuku ringi, na fundi apime kompresheni. Silinda nne zilizochakaa sawasawa ni afadhali kuliko tatu kali na moja dhaifu.

Ukishanunua, badili oili na filta siku hiyohiyo. Halafu fungua chujio la hewa, ambalo kwenye gari hili hunasa vumbi kwa bakuli la oili. Kiangazi, katika njia za mashamba ya mkonge, bakuli hilo hujaa tope upesi. Likipuuzwa, vumbi huingia na kusaga ringi na kuta za silinda; kwa hiyo lioshe kila wiki, utie oili mpya hadi kwenye alama.

Nikiwekewa magari mawili, moja limepakwa rangi mpya na jingine limebabuka lakini bakuli lake ni safi, nachukua la pili. Rangi hupakwa kwa siku moja. Silinda nzima ni matunzo ya miaka.