Sifa za Anayelisawazisha Bawa

Ndege ndogo iliyojengwa na mwenyewe, hata ribiti zake zikiwa zimenyooka mstari, huweza kupaa mara ya kwanza ikiwa na bawa zito: rubani akiachia fimbo, upande mmoja unaanza kuinama. Kasoro hiyo haimwangushi, ila humchosha mkono safari nzima.

Ndugu Orville na Wilbur Wright, mafundi baiskeli wa Dayton, waliiwahi mapema. Kwenye ndege yao ya 1903 injini ilikaa kando ya rubani, nayo ilimzidi uzito. Wakalirefusha bawa la upande wa injini kwa inchi 4 hivi.

Fundi wa leo ninayemsifu hakimbilii koleo. Husubiri hewa itulie, kisha husawazisha mafuta ya matangi yote mawili, kwa kuwa lita 20 za petroli zikizidi upande mmoja ni kilo 14 hivi, mzigo wa kutosha kulisingizia bawa lisilo na kosa. Akiwa angani, huirudisha gololi ya kipimo katikati kwa usukani wa mkia, maana ndege inayokwenda kiubavu nayo huinama. Akitua, hukagua flapi, vifuniko vya magurudumu na bawaba za eleroni, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege upande.

Hayo yote yakiwa sawa, ndipo hugusa bati. Katika ndege za RV za Van's Aircraft zenye eleroni za ukingo wa nyuma uliokunjwa, tiba ni kuubana mkunjo huo kidogo, tena kwenye eleroni ya bawa jepesi! Eleroni mbili zimeungana: moja ikishuka, nyingine hupanda. Mkunjo ulionenepa huifanya eleroni ya bawa jepesi ielee chini kidogo, na bawa lake liinuke; ukibanwa, zote mbili hurejea mahali pake. Hubana kidogo, huruka, hupima, hubana tena, kwa sababu bati lililobanwa kupita kiasi halifunguki kirahisi.

Wapo wanaofunga springi kwenye fimbo na kuridhika. Springi humpumzisha rubani, lakini kasoro inabaki palepale. Kwangu mimi, kusawazisha bawa ni kazi ya heshima sawa na kulijenga. Mjenzi ana michoro ya kumwongoza. Msawazishaji hana mchoro wa kosa lake, hivyo hulitafuta kwa kuondoa sababu moja baada ya nyingine, na akilipata hulitibu bila kuongeza hata gramu moja.