Saa Nzima Mbele ya Kichuguu

Tulipokuwa mwaka wa kwanza wa usanifu majengo, mwalimu wetu alitupakia kwenye basi dogo hadi shamba moja upande wa Kibaha, akatushusha mbele ya kichuguu kilichotuzidi kimo. Tulikuwa na rula, karatasi kubwa na penseli zilizochongwa tangu usiku, maana tulijua tunakwenda kuchora. Alivikusanya vyote akavirudisha ndani ya basi. "Haya wanangu, saa nzima. Hakuna kuchora. Tazameni, halafu kila mtu aniambie jambo moja ambalo mwenzake hajaliona."

Dakika kumi za kwanza zilikwisha kwa kuchekana. Kisha tukachoka, na tulipochoka ndipo macho yakaanza kufunguka. Mmoja aliona kwamba upande mmoja udongo ulikuwa mbichi, umeiva rangi kuliko kwingine: mchwa walikuwa wamejenga usiku uleule. Mzee mwenye shamba akamega kipande kwa jembe, likafunguka tundu la kutosha kidole gumba. Mchwa askari wakajaa ukingoni, vichwa nje. Nyuma yao wakaja vibarua, kila mmoja na punje ya udongo uliolowa mdomoni, anaibandika, anageuka, anaondoka. Hapakuwa na msimamizi wala mchoro. Hakuna aliyecheka tena.

Nimekaa na walimu wengi tangu siku ile, nami nikaishia kufundisha. Wanaojua kuchora wapo tele. Anayeweza kumfanya kijana wa miaka ishirini asimame mbele ya kitu asichokijua, akitazame mpaka kimkere, kisha kimvutie, huyo ana ufundi wake, na ufundi wenyewe haupatikani kwa cheti.

Mwanafunzi akiambiwa aige maumbile, hukimbilia sura. Utaletewa hoteli yenye umbo la samaki, stesheni yenye mabawa, shule iliyojiviringa kama konokono. Muulize huyo wa konokono mtoto aliyekaa dawati la nyuma anapata faida gani. Atakutazama kana kwamba umemtukana mama yake.

Mfano unaopendwa kuliko yote madarasani ni jengo la Eastgate mjini Harare, lililokamilika mwaka 1996. Alilisanifu Mick Pearce akishirikiana na wahandisi wa Arup. Ni maduka na ofisi katika majengo mawili marefu yanayotazamana, na halina viyoyozi vya kawaida. Usiku feni huvuta hewa ya baridi na kuipitisha kwenye mapengo yaliyoachwa ndani ya sakafu za zege. Zege hupoa. Kukicha, hilo zege ndilo linalomeza joto la watu na mashine, na hewa iliyochoka hupanda hadi kwenye dohani zilizopangwa juu ya paa. Pearce alisema funzo hilo alilipata kwa mchwa.

Mwalimu mvivu huishia hapo, darasa likapiga makofi. Wetu alituuliza swali la kijinga: Harare usiku kukoje? Mji ule uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku wake unataka blanketi. Usiku wa Dar es Salaam mnaujua; hata shuka linakushinda. Sasa zege lenu mtalipoza kwa hewa ipi? Tulitazamana. Nusu yetu tulikuwa tumeshachora dohani.

Kisha akatumwagia la pili. Wazo kwamba joto la mchwa hupanda katikati ya kichuguu na kuizungusha hewa mpaka ndani kukapoa lilienezwa na Mswisi Martin Lüscher mwaka 1961, na ndilo lililorithiwa na wasanifu. Lakini Scott Turner na Rupert Soar, waliochunguza vichuguu vya Namibia, waliandika mwaka 2008 kwamba joto la kiota hufuata joto la ardhi inayokizunguka, linapanda na kushuka kwa majira. Kazi ya mnara ule ni kupumua: upepo unaokuja na kukatika huusukuma na kuuachia, hewa chafu ikatoka na safi ikaingia. Ni pafu kuliko kiyoyozi. Kumbe Eastgate linafanya kazi vizuri, ila sifa ilipewa sababu isiyo yake. Sijaona somo linalomfaa msanifu kijana kuliko hili, na nasikitika kwamba bado walimu wengi hulifundisha nusu.

Si kila kipindi huhitaji basi. Siku moja mwalimu wetu aliazima mkufu wa binti mmoja, akauning'iniza kwenye misumari miwili ukutani, akaupiga picha kwa simu, kisha akaigeuza simu juu chini. Tao! Mkufu unaponing'inia, kila pete inavutwa tu. Ukiligeuza umbo lile na kulijenga kwa mawe, kila jiwe linasukumwa tu, nalo jiwe kwa kusukumwa halina mpinzani. Robert Hooke aliliona hilo katika karne ya 17. Antoni Gaudí alitumia miaka mingi kuning'iniza kamba na vifuko vya risasi kutafuta umbo la kanisa la Colònia Güell, karibu na Barcelona, na hatimaye kilichojengwa ni sehemu ya chini tu. Binti alirudishiwa mkufu wake. Nadhani hajauvaa vilevile tena.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Nami nilinunua nyanya Kariakoo miaka mingi bila kuinua kichwa kutazama miavuli ya zege aliyoisimamisha msanifu Beda Amuli kwenye soko lililofunguliwa mwaka 1975, kila mmoja ukiwa juu ya shina lake kama mti wa gulio.

Siku hizi nikiitwa kwenye jopo la kuhakiki kazi za wanafunzi, humkumbuka mnana. Dume husuka kiota kwa majani mabichi, jike huja kukikagua ndani na nje. Kikikataliwa mpaka kikakauka, dume hukifumua mwenyewe na kuanza upya. Jopo la mnana halitoi alama za huruma. Mimi nimezitoa, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Walimu wenzangu, mvua zikianza kunyesha, kumbikumbi watataka kutoka, na mchwa vibarua watawafungulia matundu ambayo jana yake hayakuwapo. Wapelekeni vijana wakaone. Rula zibaki kwenye basi.