Jina la ukoo halifasiriwi kwa mlio

Wapo wanaodai kwamba Fletcher, jina la ukoo la Kiingereza, latokana na 'flesh', yaani nyama. Hivyo mwasisi wa ukoo alikuwa mchinjaji. La hasha! Fletcher ni mtengenezaji mishale, neno la asili ya Kifaransa, lugha iliyotamalaki Uingereza Wanormani walipoiteka mwaka 1066. Mchinjaji aliitwa Flesher. Hata hivyo, majina haya mawili yalichanganywa nyakati nyingine, na huenda babu ya Fletcher fulani wa leo aliuza nyama kweli. Utajuaje? Ndiyo maana naunga mkono kamusi ya P. H. Reaney ya 1958, inayotanguliza ushahidi wa hati za kale. Kufasiri jina kwa sikio tu, ndugu msomaji, ni kupiga ramli.